Manase mwana wa Hezekia: vitabu viwili, wafalme wawili

Aliyekalia kiti cha enzi cha Yerusalemu kwa miaka mingi kuliko wote si Daudi wala Sulemani. Hao wamehesabiwa miaka 40 kila mmoja. Uzia alifika 52. Manase mwana wa Hezekia, aliyeanza kutawala akiwa mtoto wa miaka 12, alidumu miaka 55, yaani sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 7 K.K. Kuhusu hesabu hiyo, 2 Wafalme 21 na 2 Nyakati 33 zinakubaliana bila kupishana hata mwaka mmoja. Zinakubaliana pia kwamba alikuwa mwovu. Wanapotofautiana ni jinsi alivyomaliza safari yake, na hilo si jambo dogo, maana kwa mmoja Manase ndiye aliyeliangamiza taifa, na kwa mwingine ndiye mfano wa mtu aliyetubu akapokelewa.

Watu wengi wameusikia mwisho huu wa pili, ule wa 2 Nyakati. Ndio unaohubiriwa: mfalme aliyefungwa minyororo, akalia, Mungu akamsikia. Kisha mhubiri huyo huyo, wiki nyingine, anasoma 2 Wafalme na kusema Yerusalemu uliteketea kwa sababu ya Manase. Hakuna anayeinua mkono kuuliza imekuwaje dhambi iliyosamehewa iendelee kudaiwa kwa wajukuu.

Tuanze na 2 Wafalme. Anayeifungua sura ya 21 akitafuta kisa atafadhaika kidogo, kwa sababu kisa hakipo. Miaka 55 imebanwa katika aya 18, na ndani yake hamna vita, hamna mjumbe kutoka nchi ya mbali, hamna ugonjwa, hamna adui anayetajwa kwa jina, hamna nabii anayetajwa kwa jina. Linganisha na baba yake. Hezekia alitawala miaka 29 na amepewa sura tatu nzima, zenye jemadari wa Ashuru akipiga kelele chini ya ukuta kwa lugha ya wenyeji ili askari wasikie, zenye jipu na mkate wa tini, kivuli kinachorudi nyuma, wageni kutoka Babeli wanaotembezwa kwenye hazina. Yosia, mjukuu wa Manase, ana sura mbili. Manase ana hati ya mashtaka tu: alipajenga upya mahali pa juu, yaani pa kutolea sadaka nje ya hekalu, ambapo baba yake alipabomoa, alimjengea Baali madhabahu, alitengeneza Ashera, nguzo ya mungu wa kike, kama alivyofanya Ahabu mfalme wa Israeli, aliweka madhabahu za jeshi la mbinguni katika nyua mbili za nyumba ya Bwana, alimpitisha mwanawe motoni, alipiga ramli na kushughulika na wenye pepo, na aliileta sanamu ya Ashera ndani ya nyumba yenyewe. Mwishoni kabisa linaongezwa la damu: aliijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia toka upande huu hata upande huu.

Jina la Ahabu halikuangukia hapo kwa bahati mbaya. Katika kitabu hiki Ahabu ndiye kipimo cha ubaya wa wafalme wa kaskazini, yaani ufalme wa Israeli wenye makao Samaria, na kaskazini kulishaanguka mwaka 722 K.K. Hukumu anayosomewa Manase inatumia vifaa vya fundi: Mungu atanyosha juu ya Yerusalemu kamba iliyopima Samaria na timazi ya nyumba ya Ahabu, kisha atausafisha mji kama mtu anavyofuta sahani, akiifuta na kuifudikiza. Kamba na timazi ni vya kujengea. Hapa vinapima ukuta wa kubomolewa. Ujumbe ni kwamba Yuda sasa imepata Ahabu wake, na mwisho utakuwa ule ule.

Na mwandishi hamwachi hata baada ya kumzika. Anamsimulia Yosia, anamsifu kwamba hajatokea mfalme mfano wake, anaeleza jinsi alivyosafisha hekalu na kufanya Pasaka, halafu katika 23:26 anasema hata hivyo Bwana hakuiacha hasira yake, kwa ajili ya yale ambayo Manase alimchokoza kwayo. Sura ya 24, majeshi yanapoivamia nchi wakati wa Yehoyakimu, anarudia: ni kwa ajili ya dhambi za Manase na damu aliyoimwaga. Yeremia 15:4 nayo ina mstari kama huo. Manase ameangushiwa jumba bovu lote, mawe na nguzo, zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake.

Sasa weka 2 Nyakati 33 pembeni na usome aya kwa aya. Kwa aya tisa za kwanza utadhani ni nakala, na kwa kiasi kikubwa ni nakala kweli: maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Mabadiliko ni madogo. Jina la mama yake, Hefsiba, limeachwa. Baali mmoja amekuwa mabaali wengi, Ashera mmoja maashera. Mwana aliyepitishwa motoni amekuwa wana, na tunatajiwa bonde la mwana wa Hinomu. Ahabu haonekani. Kwa hiyo mwandishi wa Nyakati hakuja kumsafisha Manase; kama kuna kitu, orodha ya maovu imeongezeka uzito.

Ni katika aya ya 10 ndipo unapoona mshono. Pale ambapo 2 Wafalme wana aya sita za hukumu, na kamba, na timazi, na sahani, huyu ana sentensi moja: Bwana akasema na Manase na watu wake, wasisikilize. Aya ya damu isiyo na hatia imetoweka. Na katika nafasi iliyoachwa wazi kinaingizwa kitu ambacho mwenzake hakijui kabisa. Majemadari wa mfalme wa Ashuru wanakuja, wanamkamata Manase kwa kulabu, wanamfunga pingu za shaba na kumpeleka Babeli. Akiwa taabuni anajinyenyekeza sana mbele ya Mungu wa baba zake, anaomba, Mungu anamsikia na kumrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Baada ya hapo anajenga ukuta wa nje wa mji wa Daudi, upande wa magharibi wa Gihoni bondeni hadi Lango la Samaki, akiuzungusha Ofeli na kuuinua sana. Anaweka majemadari katika miji yote yenye maboma. Anaitoa ile sanamu hekaluni, anazitoa madhabahu alizozijenga na kuzitupa nje ya mji, anaitengeneza madhabahu ya Bwana na kuwaamuru Yuda wamtumikie Mungu wa Israeli. Watu wanaendelea kutoa sadaka mahali pa juu, lakini kwa Bwana, Mungu wao, tu.

Hapo ndipo madhabahu zinapoleta tatizo. Kwa mujibu wa 2 Nyakati 33:15 Manase mwenyewe alizitupa nje ya mji. Kwa mujibu wa 2 Wafalme 23:12, madhabahu ambazo Manase alizifanya katika nyua mbili za nyumba ya Bwana zilivunjwa na Yosia, ambaye alianza kutawala miaka miwili baada ya babu yake kufa. Jibu la haraka ni kwamba Amoni, aliyetawala katikati yao miaka hiyo miwili, alizirudisha. Inawezekana. Lakini andiko linasema ni zile alizozifanya Manase, na kitabu cha Nyakati chenyewe, aya chache mbele, kinasema Amoni alizitolea sadaka sanamu zote alizozifanya Manase baba yake. Kama zilitupwa, Amoni alizitoa wapi? Mtu akitaka kuunganisha ataunganisha, kamba haikosekani. Ila ajue kwamba anaandika kitabu cha tatu ambacho hakuna mwandishi wa Biblia aliyekiandika.

Mimi naona ni afadhali kuuliza kila mwandishi alikuwa na shida gani mezani kwake.

Kitabu cha Wafalme kinaishia na Yoyakini, mfalme wa Yuda aliyehamishwa, akitolewa gerezani Babeli, tukio la karibu mwaka 561 K.K. Maana yake kilichokuja mikononi mwetu kilimaliziwa na watu walioona hekalu likiungua mwaka 586 au waliozaliwa na waliokuwa wameona. Swali lao lilikuwa chungu: Yosia alifanya kila kitu sawasawa, alisafisha, alivunja, alisoma kitabu cha torati mbele ya watu wote, kwa nini basi, miaka 23 tu baada ya kifo chake, mji umekuwa majivu? Ukisema Mungu alishindwa, umekwisha. Ukisema matengenezo ya Yosia yalikuwa ya uongo, umeubomoa moyo wa kitabu chako. Lazima apatikane mtu kabla ya Yosia ambaye deni lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Yosia hakuweza kulilipa. Frank Moore Cross, msomi wa Marekani, alipendekeza miaka ya 1970 kwamba kitabu kiliandikwa mara mbili: kwanza kwa shangwe wakati wa Yosia, kisha kikaongezewa wakati wa uhamisho, na hukumu ya Manase ni sehemu ya nyongeza hiyo. Wapo wasiokubaliana naye, ila hoja yake inaeleza vizuri kwa nini hukumu inatoka kwa "manabii" wasio na jina, katika kitabu ambacho kwa kawaida hakioni haya kutaja jina la nabii.

Deni hilo halikuwapendeza hata waliokuwa uhamishoni. Ezekieli 18 inanukuu msemo uliokuwa ukizunguka mitaani: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Ezekieli anaukataa; roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Na kitabu cha 2 Wafalme chenyewe, katika 14:6, kinamsifu Amazia kwa kutowaua watoto wa wauaji wa baba yake, kikitaja torati inayosema watoto wasiuawe kwa makosa ya baba. Mwandishi aliijua kanuni hiyo. Kwa Manase aliiweka kando.

Mwandishi wa Nyakati alikuja baadaye sana, wakati wa Waajemi, pengine katika karne ya 4 K.K. Kitabu chake kinaishia na Koreshi akiwaruhusu watu warudi kujenga. Kwake swali la kwa nini Yerusalemu ulianguka lilishapata jibu jingine: sura ya 36 inamlaumu Sedekia, makuhani na watu wa kizazi hicho hicho, waliowadhihaki wajumbe wa Mungu. Hakuna neno kuhusu Manase. Kila kizazi kinakula kilichopika.

Anapenda kanuni hiyo hadi anaitumia kila penye pengo. Uzia katika 2 Wafalme 15 anapata ukoma bila sababu kutajwa. Katika 2 Nyakati 26 ni kwa sababu aliingia hekaluni kufukiza uvumba ambao si kazi yake. Yosia katika 2 Wafalme 23 anauawa na Farao Neko pale Megido, mwaka 609 K.K., na tunapewa mstari mmoja mkavu. Katika 2 Nyakati 35 amekufa kwa sababu Neko alimwonya kwa neno litokalo kinywani mwa Mungu, naye akakataa kusikia. Mtu mwema akifa mapema, lazima kuna kosa. Igeuze kanuni hiyo na umfikie Manase: mtu mwovu akitawala miaka 55 na kufa kitandani, lazima kuna toba.

Ila kusema hivyo tu ni kumpunja. Angalia njia aliyopita Manase: dhambi, kuonywa, kutosikia, kufungwa, kupelekwa Babeli, kuomba, kurudishwa, kujenga ukuta, kuisafisha nyumba ya Bwana. Hiyo ndiyo njia waliyopita wasomaji wake wote. Ni taifa zima limewekwa ndani ya mtu mmoja. Aliyekuwa akiisoma sura hii Yerusalemu, kwenye mji wenye watu wachache na ukuta uliotengenezwa upya juzi, hakuhitaji kuambiwa inamhusu. Na kama Manase, mbaya kuliko wote, alirudishwa, nani angesema mlango umefungwa kwake?

Kwa hiyo tuna mashahidi wawili, kila mmoja na haja yake. Je, yupo wa tatu ambaye hakujali dini ya Manase hata chembe? Yupo, na aliandika kwenye udongo.

Esarhadoni mfalme wa Ashuru, katika maandishi ya karibu mwaka 673 K.K., anaorodhesha wafalme 22 wa pwani na wa visiwani aliowaamuru kuvuta magogo ya mierezi na miberoshi na mawe makubwa kutoka milimani hadi Ninawi, mji mkuu wake, kwa ajili ya jumba lake. Wa kwanza ni Baalu wa Tiro. Wa pili ni Manase mfalme wa Yuda. Chini yake wamo wafalme wa Edomu, Moabu, Gaza, Ashkeloni, na Ikausu wa Ekroni, ambaye jina lake limepatikana pia kwenye jiwe la hekalu lililochimbuliwa Ekroni mwaka 1996. Mwana wa Esarhadoni, Ashurbanipal, anamtaja tena Manase miongoni mwa wafalme 22 walioleta zawadi na kuandamana naye na majeshi yao kwenda kuipiga Misri, karibu mwaka 667. Mara zote mbili ni jina kwenye orodha. Hakuna uasi, hakuna kulabu, hakuna Babeli. Huyu ni mfalme mdogo anayetoa mbao na askari anapoambiwa.

Kumbuka alirithi nini. Mwaka 701 K.K. baba yake aliasi, na Senakeribu akaja. Senakeribu anajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye maboma, akamfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, na akayagawa mashamba yake kwa wafalme wa Ashdodi, Ekroni na Gaza. Kuangushwa kwa Lakishi kulichongwa kwenye kuta za jumba lake Ninawi, na mawe hayo yako London leo: wanawake juu ya mikokoteni ya ng'ombe na mizigo yao, wanaume wakichunwa ngozi. Hekalu lilipona, ndiyo, na kitabu cha Wafalme kinashangilia. Lakini nchi ya tambarare, yenye nafaka na mizabibu, ilikuwa imekwenda. Mtoto aliyekua akiyaona hayo alijifunza kutoasi.

Wachimbaji wameona kwamba katika karne ya 7 makazi yaliongezeka sana mahali ambapo zamani hapakuwa na watu wengi: bonde la Beer-sheba, Aradi, kingo za jangwa la Yuda. Israel Finkelstein wa Tel Aviv amedai kwamba kuinuka huko kulianza wakati wa Manase, kama mpango wa kufidia ardhi iliyopotea magharibi. Wengine wanakusogeza hadi kwa Yosia, kwa sababu vyungu vya vizazi viwili hivyo ni vigumu kuvitenganisha. Ekroni, nje ya mpaka wa Yuda, wamepata vinu vya kukamulia mafuta ya zeituni zaidi ya 100, na ni vigumu kufikiri zeituni zote hizo zilitoka wapi kama si milima ya jirani, pamoja na ile ya Yuda. Njia ya uvumba kutoka Uarabuni kwenda Gaza ilipita kusini mwa Yuda. Hapo unaanza kumwona mtu mwingine kabisa: mtawala aliyelipa kodi, akanyamaza, akaiacha nchi ipumue kwa nusu karne. Hata kuparudisha mahali pa juu kunaweza kusomwa hivyo. Hezekia aliwanyang'anya wanakijiji madhabahu zao na kuwaambia waje Yerusalemu, halafu vijiji vikachomwa moto. Mtu wa mashambani angeweza kabisa kuona kwamba tulipobomoa ndipo tulipopigwa. Hayo ni makisio yangu, ila si ya hewani: Yeremia 44 ina wanawake wanaomwambia nabii usoni kwamba tangu walipoacha kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni wamepungukiwa na kila kitu.

Basi, je, Manase alipelekwa Babeli kweli? Jambo la kwanza linalomshtua msomaji ni kwamba Waashuru wanampeleka Babeli badala ya Ninawi. Wengi walichukulia hilo kama ushahidi kwamba hadithi ilitungwa na mtu aliyekuwa na uhamisho wa Babeli kichwani. Lakini Babeli ilikuwa chini ya Ashuru wakati huo. Kati ya mwaka 652 na 648 ndugu yake Ashurbanipal, Shamash-shum-ukin, aliyekuwa ameketishwa mfalme huko, aliasi, na mji ukazingirwa hadi ukaanguka. Mfalme mdogo wa magharibi aliyeshukiwa kuwa upande wa ndugu huyo angeweza kuitwa kujieleza huko huko.

Jambo la pili ni kulabu. Katika jumba la makumbusho la Berlin kuna jiwe la Esarhadoni lililochimbuliwa Zincirli, kusini mwa Uturuki, lenye urefu wa zaidi ya mita 3. Esarhadoni amesimama mkubwa, kikombe mkono mmoja, na katika mkono mwingine kamba mbili. Kamba hizo zinashuka hadi kwenye midomo ya watu wawili wadogo wanaomfikia magotini. Mmoja amepiga magoti akiwa na nyoka wa kifalme wa Misri kwenye paji la uso, na kwa kawaida hutambuliwa kuwa mwana wa Taharka, yule Tirhaka wa 2 Wafalme 19. Mwandishi wa Nyakati aliishi karne nyingi baadaye, na bado alijua Waashuru walivyowavuta wafalme.

Na la tatu, kusamehewa na kurudishwa si ajabu. Neko wa kwanza, mtawala wa Sais huko Misri, alikamatwa kwa kula njama, akapelekwa Ninawi, na Ashurbanipal akamvika mavazi ya rangi, mkufu na pete za dhahabu, akampa magari na farasi na kumrudisha kwenye mji wake. Mfalme anayekujua na anayekuogopa ana faida kuliko mpya.

Kwa hiyo tukio lenyewe linawezekana. Kunyamaza kwa 2 Wafalme hakulifuti, maana mwandishi huyo alikuwa na sababu nzuri ya kulitupa: Manase aliyeadhibiwa na kusamehewa hawezi tena kubebeshwa mwaka 586. Lakini pia kuwepo kwake katika Nyakati hakulithibitishi, maana mwandishi huyo alikuwa na sababu nzuri ya kulitaka. Haja za wote wawili zinafutana. Mimi naegemea kwamba kulikuwa na kumbukumbu fulani ya mfalme kuitwa na kuhojiwa na Waashuru, labda pamoja na ujenzi wa ukuta na kuweka askari mipakani, ambao ungewafaa Waashuru wenyewe dhidi ya Misri. Toba na kusafisha hekalu nayaona ni kazi ya mwandishi, na zile madhabahu alizozikuta Yosia zimesimama ndizo zinanifanya niseme hivyo.

Sura hiyo ya Nyakati inataja kwamba maombi ya Manase yameandikwa mahali pengine, na haituambii aliomba nini. Kwa watu wa sala hilo ni kama kuwawekea sufuria tupu jikoni. Katika magombo ya kale ya Kiyahudi yaliyopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuna kipande chenye kichwa cha maombi ya Manase mfalme wa Yuda alipofungwa na mfalme wa Ashuru. Pia kuna Sala ya Manase ya Kigiriki, aya 15 tu, inayoonekana katika maandishi ya Kikristo ya karne ya 3 na katika nakala kubwa ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 5. Kuna mstari humo wa mtu anayesema anapiga magoti ya moyo wake. Haimo katika Biblia za Wakatoliki wala za Waprotestanti wengi, ila Waorthodoksi huisoma katika ibada ya usiku.

Wengine waliendeleza mashtaka badala ya toba. Ile damu isiyo na hatia ilitafutiwa mtu, na aliyepatikana ni Isaya: hadithi ya kale ya Kiyahudi na Kikristo inasema Manase aliagiza akatwe kwa msumeno. Waebrania 11:37, inapotaja waliokatwa kwa misumeno, huenda inalenga huko. Mathayo, kwa upande wake, anamweka Manase katika ukoo wa Yesu kati ya Hezekia na Amoni na kupita bila neno.

Waliolijadili waziwazi ni walimu wa Kiyahudi, na mabishano yao yamehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa karibu mwaka 200 B.K. Wafalme watatu, wanasema, hawana fungu katika ulimwengu ujao: Yeroboamu, Ahabu na Manase. Rabi Yehuda anapinga: Manase analo fungu, kwa kuwa imeandikwa kwamba aliomba, Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Wenzake wanaisoma aya hiyo hiyo na kumjibu: katika ufalme wake alirudishwa, lakini katika uzima wa ulimwengu ujao hakurudishwa.